Ukuta wa Ndani ya Miwani

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimelala chini ya lori porini siku tatu nikilinda mzigo wa watu, nimeona fisi akinusa kiatu changu nikiwa nimekivaa, nimetoka kubeba kichwani jasi, lile jiwe jeupe la viwanda vya saruji, mpaka kumiliki shimo lenyewe na Fuso mbili za kuitoa, na yote hayo kwa elimu ya darasa la nne, tena hilo la nne sikulimaliza. Waliomaliza vyuo wanakuja kuniomba kazi, na wengine nawapa. Kwa hiyo mwezi uliopita, chuo cha ufundi pale Same waliponialika kwenye mahafali yao, nilikwenda na suti yangu ya kijivu nikijua nitakaa mbele, nitapewa soda ya baridi na kusifiwa kidogo. Ikawa hivyo. Lakini kabla ya chakula wakatupitisha kwenye darasa la miwani. Msichana mmoja alikuwa amevaa ile miwani nyeusi inayoziba nusu ya uso, amesimama katikati ya chumba kitupu. Mara akainamisha kichwa kuelekea pembe isiyokuwa na mtu, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mzee." Akatulia, akatabasamu kama mtu aliyeitikiwa. Wageni wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilimjua aliyeitikia marahaba, nilijua alikolala, na jeneza lake nilishika upande mmoja.

Watu wanaoeleza maisha yao huanza na babu waliyemrithi jina na mbuzi waliyemchunga. Hayo sitayaeleza, hayana faida kwa mtu. Na wengi husema mwaka uliowafanya wawe walivyo ni wa ujanani, wakiwa na njaa na matumaini. Mimi wangu ulinikuta na miaka arobaini na saba, tumbo limeshatangulia, nikidhani nimekwisha kufanywa. Ulianza asubuhi Mwalimu Rehema alipokuja shimoni kwangu, kule tambarare kabla ya kufika Hedaru, akiwa kwenye pikipiki, ushungi wake umeshakuwa mweupe kwa vumbi la jasi. Alikuwa mwenyeji wa Tanga, anafundisha uchimbaji pale chuoni. Akanieleza kwamba wanafunzi wake walikuwa wanajifunza shimo kwa kuchorewa ubaoni, kwa sababu kuwaleta kwenye shimo la kweli kila wiki ni hatari na nauli hakuna. Sasa wamepata msaada wa kutengeneza shimo la ndani ya miwani. Mwanafunzi anaivaa, anajikuta yuko shimoni hasa, anashika nyundo, anapanda, anashuka, anakosea na haumii. Walihitaji shimo la kweli la kunakili na mchimbaji wa kweli wa kuwaongoza watoto humo ndani. Nadhani alisema wamechagua langu kwa sababu liko karibu na barabara. Mimi nilisikia kwamba ndilo bora.

Mchimbaji alikuwepo. Eliakimu, msimamizi wangu wa shimo, mtu wa Mhezi kule milimani, alinizidi miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyenifundisha kushika mtaimbo nilipokuwa sina hata kandambili. Baadaye nikawa bosi wake, lakini kila asubuhi mimi ndiye niliyeanza: "Shikamoo, kaka." Naye anajibu bila kuinua macho, "Marahaba, Mbonea." Fedha haigeuzi hilo. Wakaja na kijana kutoka Dar, Gerald, na kamera yenye macho pande zote. Siku nne alipiga picha shimo langu jiwe kwa jiwe, mpaka kile kibanda tunachopikia na jiwe bapa ambalo Eliakimu alikuwa akikalia kupumzika. Wiki iliyofuata tukaitwa chuoni, katika chumba kilichokuwa stoo ya saruji. Bado kilinuka saruji. Madirisha walikuwa wameyaziba kwa vitenge, sakafuni wametandika mikeka ya mpira ili anayevaa miwani ajue kwa unyayo kwamba amefika mwisho wa chumba. Eliakimu walimvisha nguo nyeusi ya kubana, imejaa vidude vya kung'aa, ili kompyuta ishike jinsi anavyotembea. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Kaka, umekuwa kambale!" nikamwambia. "Cheka," akasema, "kambale hujui anavyoteleza." Halafu akaweka sharti moja. "Hawa watoto wataingia shimoni wanikute, halafu tusisalimiane? Basi mimi siyo mtu, ni mti." Gerald akapenda sana. Ndiyo maana mpaka leo mwanafunzi akisema shikamoo mle ndani, mzee anaitikia. Asiposema, mzee anamtazama tu na kazi haianzi.

Sasa nifike kwenye neno nililolisema mimi. Kwetu jasi nzuri iko chini, juu yake umekaa udongo wa kimo cha mtu na zaidi. Njia ya haki ni kuutoa huo udongo kwanza, na hiyo inataka mashine ya kukodi. Njia ya haraka ni kuingia kwa chini, unakula jasi kuelekea ndani na kuuacha ukuta wa udongo umening'inia juu yako kama dari lisilo na nguzo. Mimi nilijenga nyumba yangu kwa njia ya haraka. Gerald akauliza, kalamu mkononi, "Ukuta ukitaka kuanguka mnajuaje?" Eliakimu akafungua mdomo, lakini mimi nikamtangulia. "Ukuta unasema," nikamwambia. "Kwanza unachora ufa juu, halafu unamwaga vumbi kama unga kwenye chekeche, ndipo unashuka. Mwenye akili anakuwa ameshatoka zamani. Mimi miaka ishirini na tano, hakuna ukuta ulioanguka kwangu bila kuaga." Gerald akaandika. Mwalimu Rehema akaandika. Na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu, mara mbili, ukuta ukishuka kimya. Lakini utamwambiaje kijana wa Dar mwenye kompyuta kwamba hujui? Na ningesema kwamba dawa ni kutoingia chini, angeuliza mbona watu wangu wako chini.

Hapo Eliakimu akanisogelea, akacheka kidogo ili wageni wadhani ananisifu, akaniambia kwa Kipare, pole pole, kwamba siyo kila ukuta unasema, na kwamba nisiwafundishe watoto wa watu kusubiri. Mwalimu Rehema akauliza, "Mzee anasemaje?" Nikajibu, "Anasema njaa inamuuma." Wote wakacheka, na Eliakimu naye akacheka. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu mzima humwangushi mbele ya wageni. Unamwambia kwa lugha ya nyumbani, pembeni, halafu neno unamwachia mwenyewe alifanyie kazi. Mimi nililifanyia kazi ya kulisahau. Gerald akamwomba mzee aseme mbele ya kipaza sauti, "Ukuta unasema, usikilize." Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili aliisema kama anasoma tangazo la msiba. Mara ya tatu aliisema vizuri sana, kwa sauti ile ya kumtuliza ng'ombe, na hiyo ndiyo waliyoichukua.

Miezi ile shimoni kulikuwa na maneno. Saa ya makande watu walikaa kibandani na masahani yao, na mada ilikuwa miwani tu. "Mzee Eliakimu, sasa uko wawili. Yule mwingine naye analipwa?" "Yule hali, ndiyo maana bosi anampenda." "Mimi nimewachungulia pale chuoni, mtu anachuchumaa anapiga nyundo hewani, jasho linamtoka, nikasema hawa wamepandisha mashetani." Eliakimu analitoa harage moja gumu mdomoni, analitazama, anasema, "Huyo wa kwenye miwani mgongo haumuumi. Mwacheni akae huko." Nami nakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nasikia raha, nasema kwa sauti kwamba wasomi wote wa wilaya hii sasa wanasoma kichwa cha mtu wa darasa la nne.

Mwanafunzi aliyepata alama zote katika shimo la miwani aliitwa Namkunda. Alikuwa binti wa miaka ishirini kutoka Mhezi hiyohiyo. Kwao na kwa Eliakimu panatenganishwa na korongo moja tu, na alimwita baba mkubwa ingawa hawana udugu wa damu. Wanachuo sita waliletwa kwangu kwa fildi, mafunzo ya vitendo, na yeye alikuwa mbele. Alijua kila pembe kabla hajaikanyaga, akasema, "Hapa ndipo ngazi, pale ndipo kibanda," huku akicheka kwa furaha, kama mtu aliyerudi kwao. Siku ya tatu, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa napakia lori. Namkunda alikuwa ameingia chini ya ukuta wa upande wa magharibi kupima unene wa jasi. Nilimsikia Eliakimu akiita, "Namkunda, toka hapo chini." Akajibu kwa utulivu, macho yake juu, "Bado haujatoa vumbi, baba mkubwa." Hakuwa anabisha. Alikuwa anajibu swali la mtihani. Eliakimu aliangusha kikombe chake cha chai, akakimbia kwa ile miguu yake ya uzee, akamsukuma kwa mikono miwili mpaka akaanguka kifudifudi kwenye mwanga. Ukuta ukashuka kama mlango unavyofungwa. Ufa haukuchora. Vumbi lilikuja baadaye, likakaa juu yetu muda mrefu tukichimba kwa mikono.

Wakubwa wa ofisi ya madini walikuja, wakakaa kwenye kibanda chetu na mafaili. Walimuuliza binti, "Msimamizi alikuita, kwa nini hukutoka?" Akasema alikuwa anasubiri vumbi. "Nani alikufundisha usubiri vumbi?" Akasema, "Miwani." Mmoja akamtazama mwenzake. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, karibu naye kiasi cha kusikia meno yake yakigongana, nikaulizwa kama nina la kuongeza, nikasema sina. Wakaandika kwamba mwanafunzi alikaidi amri. Nikatia sahihi, maana sahihi najua. Chuo wakamsimamisha. Jeneza la Eliakimu nilinunua mimi, tena la mninga. Ng'ombe nilitoa mimi, na Fuso zote mbili zikapandisha waombolezaji Mhezi bure. Watu wakasema Mbonea ana moyo. Siku ya mazishi nilikuwa nimesimama na sahani yangu ya wali karibu na migomba, nikasikia wanawake wakinong'ona upande wa pili: "Ndiye yule pale. Aliitwa atoke, akabisha." "Na mzee wa watu akamfuata. Mtoto ana uso mkavu kweli, amekuja." Namkunda alikuwa amekaa peke yake juu ya mzizi, hakuna aliyempelekea chakula. Nilisikia kila neno, nikaendelea kula. Nyama yenyewe ilikuwa laini. Hilo la kukumbuka kwamba nyama ilikuwa laini ndilo linalonitesa kuliko mengine.

Baada ya hapo nikaanza kwenda chuoni Jumamosi. Nilimwambia Mwalimu Rehema kwamba nataka kukagua kama shimo langu limenakiliwa sawasawa, naye akanivalisha miwani, akanikazia mikanda nyuma ya kichwa, akaniachia chumba. Unafumba macho, unafumbua, uko shimoni. Jua linawaka lakini halichomi. Na Eliakimu yuko pale, anavuta suruali upande wa kushoto kabla ya kuinama, kama alivyofanya maisha yake yote. "Shikamoo, kaka." "Marahaba," anasema. Jina langu hataji, maana marahaba ile ni ya watoto wote. Halafu ananiongoza mpaka kwenye ukuta wa magharibi, anaweka kiganja juu yake, na kwa sauti ile ya kumtuliza ng'ombe ananiambia, "Ukuta unasema, usikilize." Uongo wangu, mdomoni mwake. Ufa unachora. Vumbi linamwagika kama unga. Yeye anasogea pembeni bila haraka, ukuta unashuka, anapangusa mikono. Hafi. Nilirudia nisijue mara ngapi, nikimtazama anavyosogea na kupona, na kila nikivua miwani mpira wa ndani ulikuwa umelowa, Mwalimu Rehema akaufuta kwa kitambaa akisema, "Joto la chumba hiki, mzee wangu, pole."

Mwezi wa kumi na moja Namkunda alikuja nyumbani kwangu asubuhi, nikiwa na chai na kiporo cha makande. Wakati huo alikuwa anaishi kwa shangazi yake Hedaru, anauza vitunguu kwenye madirisha ya mabasi. Alisimama mlangoni. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Karibu, kaa." Hakukaa. Aliniambia alimwomba Mwalimu Rehema amruhusu avae miwani mara moja tu, akamwombe baba mkubwa msamaha. Hakwenda kwenye ukuta. Wanafunzi wote humo ndani wanakimbilia kazi kwa sababu alama zinahesabiwa kwa muda. Yeye alikwenda kukaa kando ya lile jiwe bapa, mahali mzee anaporudi kupumzika, akakaa kimya tu naye. Na baada ya kukaa sana, akasikia mzee akisema kitu kwa Kipare.

Baadaye Gerald alinieleza kwenye simu. Kipaza sauti kilikuwa wazi siku ile ya kurekodi, mzee aliponisogelea. Yeye haelewi Kipare, alipenda tu mlio wa mzee kunong'ona kwa lugha yake, akaiweka pale penye jiwe kama wanavyoweka sauti za ndege. Namkunda alinirudia maneno yenyewe, neno kwa neno, akiwa ametazama vidole vya miguu yake. Kwamba siyo kila ukuta unasema. Kwamba nisiwafundishe watoto wa watu kusubiri. "Alikutaja jina, baba." Kijiko changu kilikuwa hewani. Nikauliza swali la mtu mwovu: "Umemwambia nani?" "Sijamwambia mtu. Mwalimu hajui Kipare, na wenzangu ni wa huku chini. Nimekuja kwako kwanza, wewe ndiye mkubwa." Tazama mtoto huyu. Alikuwa ananifanyia vilevile alivyonifanyia Eliakimu: pembeni, kwa lugha ya nyumbani, neno nimeachiwa mimi. Nikamwambia nitampa kazi ya ofisini, meza yake mwenyewe, hata kompyuta nitanunua. Akatikisa kichwa. "Sitaki kazi, baba. Krismasi watu wote wanapanda nyumbani. Nataka na mimi nipite ile njia, watu waniitikie."

Tulipanda Mhezi wawili siku ya Alhamisi, ukungu umekaa barabarani. Nakijwa, mjane wa Eliakimu, alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kuchambua. "Alikuambia?" akauliza. "Aliniambia, shemeji." "Kwa Kipare?" "Kwa Kipare." "Mbele ya wageni, wasisikie." "Ndiyo." Akatupa kijiwe uani, kuku wakakimbilia wakidhani ni kitu. "Mume wangu adabu imemuua," akasema. "Angekupigia kelele kwa Kiswahili, leo angekuwa hapa ananiuliza chakula kiko wapi." Kisha akamtazama Namkunda kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamsogezea upande wa pili wa ungo, na binti akachuchumaa, akaanza kuchambua naye. Mimi hakunisogezea kitu. "Jumapili, wakati wa matangazo, utasimama kanisani useme hivyohivyo ulivyosema hapa. Na usiongeze sadaka. Watu wakiona noti watasahau ulichosema." Nikauliza na yule wa kwenye miwani, kijana wa Dar anaweza kumfuta. Akapepeta ungo mara mbili. "Amefutwa mara moja, inatosha. Watoto wamwamkie. Ila asiendelee kusema uongo wako."

Nimewahi kusimama mbele ya watu wengi, kwenye harambee na kampeni, na sauti yangu haijawahi kuhitaji kipaza. Jumapili ile mzee wa kanisa aliniambia mara mbili niongeze sauti. Nilipomaliza hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyelia. Mzee mmoja wa mbele alinitazama, akageuza uso, na mpaka leo akikutana nami sokoni ananijibu salamu kwa mkono tu. Nilipotoka nje nilimwona Namkunda akishuka njia ya korongoni, na akina mama wawili waliokuwa wakipanda na kuni wakasimama, wakatua mizigo, wakamshika mkono mmoja baada ya mwingine. Kwenye ofisi ya madini nilibadilisha maelezo yangu, wakanifungia shimo mpaka nitoe udongo wote wa juu kwa mashine. Chuo kikamrudisha binti, na sasa yeye ndiye anayewakazia wanafunzi mikanda ya miwani.

Ukabaki ule ukuta. Gerald alisema kuubadilisha ni kazi kubwa, maana ni kuujenga upya wote: uanguke wakati wowote, usichore ufa, usimwage vumbi, hata yeye mwenyewe asijue lini. Na mwanafunzi afaulu kwa jambo moja tu, kukataa kuingia chini yake mpaka udongo wa juu utolewe. Ulipokuwa tayari nilikuwa wa kwanza kuvaa. Eliakimu aliniongoza mpaka pale, akaweka kiganja ukutani, na midomo yake ikacheza kama zamani, lakini sauti ya pale wameifuta, kwa hiyo anasema bila kusikika. Niliingia chini makusudi. Nilisimama nikimtazama midomo, na sikujua kama ilikuwa dakika moja au tano, mara pakawa giza pote, kimya, na mpira wa miwani usoni kwangu ukawa wa baridi. Nilipoivua, Namkunda alikuwa amesimama mbele yangu ameshika daftari. Akaniambia, "Umekufa, baba," akaandika sifuri. Mimi ninayebishania bei ya kiberiti, Gerald aliponitumia hesabu ya ukuta ule nililipa yote, sikuomba apunguze hata senti. Ilikuwa shilingi milioni kumi na moja, laki nne na elfu sabini na tano.